Mhafidhina na Watu Kumi na Mmoja wa Hola

Katika siasa za nchi nyingi kuna chama kinachojiita, au kinachoitwa na wengine, chama cha wahafidhina. Neno hili si geni masikioni mwetu. Latokana na kuhifadhi, yaani kutunza kitu kisipotee wala kisiharibike. Mtu huhifadhi nafaka ghalani, huhifadhi maandiko kifuani, huhifadhi siri ya rafiki. Basi mhafidhina ni mtu aaminiye kwamba wazee waliotangulia hawakuwa wajinga. Kwamba sheria, desturi na vyombo vya utawala walivyotuachia vina hekima ndani yake, na haifai kuvibomoa kwa pupa. Huko Uingereza wahafidhina wana jina jingine, Tory, ambalo asili yake ni neno la Kiairishi la kumtaja mnyang'anyi wa porini. Adui zao waliwapachika jina hilo katika karne ya 17, nao wakalizoea mpaka wakaona fahari kuitwa hivyo. Ndivyo lugha ilivyo: tusi la babu laweza kuwa sifa ya mjukuu.

Lakini neno kuhifadhi halitoshi peke yake. Anayehifadhi huhifadhi kitu. Na hapo ndipo penye swali. Je, ni mali? Ni cheo? Ni rangi ya ngozi? Au ni haki, na neno lililotamkwa mbele ya mashahidi? Wahafidhina wenyewe wamegombana juu ya swali hili kwa muda mrefu, na ugomvi wao mmoja uliigusa nchi yetu ya Kenya. Katika insha hii tutautazama ugomvi huo, kwani humo twaweza kuona kanuni ya siasa ni nini, na humgharimu nini mwenye kuishika.

Mtu ambaye wahafidhina wa Uingereza humhesabu kuwa baba wa fikira zao ni Edmund Burke, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mfuasi wa chama cha Whig. Katika mwaka wa 1774 aliwaambia wapiga kura wa mji wa Bristol kwamba mbunge huwawia watu wake jitihada yake na pia akili yake, na kwamba akiitupa akili hiyo ili awafurahishe, amewasaliti wala hakuwatumikia. Watu wa Bristol hawakupendezwa sana na mafundisho hayo, na kufikia mwaka wa 1780 kiti hicho kilikuwa kimekwisha kumponyoka. Mwaka wa 1788 Burke huyo huyo aliongoza mashtaka dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa mtawala mkuu wa Waingereza huko Bengal, katika Bara Hindi. Watetezi wa Hastings walidai kwamba Asia ina desturi zake, na kwamba mtawala wa huko hawezi kupimwa kwa kipimo cha Uingereza. Burke alikataa kabisa. Alisema wajibu wa mwanadamu haubadiliki kwa kuvuka bahari. Kesi iliendelea kwa miaka saba, na mwaka wa 1795 Hastings akaachiliwa. Lakini fikira ile haikufa pamoja na kesi.

Sasa na tuvuke tuje kwetu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Maelfu ya watu waliwekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa na mahakama. Kufikia mwaka wa 1959 wengi walikuwa wamekwisha kuachiliwa, na waliobaki ni wale waliohesabiwa na wakuu wa magereza kuwa wagumu wasiopindika. Baadhi yao waliwekwa katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, penye joto kali na mbali na makwao. Wakuu walitaka wafanye kazi katika mashamba ya kumwagiliwa maji. Wao walikataa, kwa kuwa hawakuwa wafungwa waliohukumiwa kazi. Ndipo ofisa mmoja wa magereza, jina lake Cowan, alipoandika mpango wa kuwatoa nje na kuwalazimisha kwa nguvu kuanza kazi hiyo. Mpango ulipelekwa kwa wakubwa, nao wakaukubali.

Tarehe 3 Machi 1959 wanaume 85 walitolewa nje. Askari wa magereza waliwapiga kwa marungu. Watu 11 walikufa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Mwanafunzi na ayapime maneno hayo. Hayakusema waziwazi kwamba maji yaliwaua. Yalisema tu kwamba vifo vilifuata baada ya maji. Hivyo ndivyo lugha itumikavyo kuficha: kila neno laweza kuwa na upenyo wa kukanushia, na jumla yake ikawa ni uongo. Maiti zilipochunguzwa na madaktari, alama za kipigo zilionekana, na uchunguzi wa hakimu ukathibitisha kwamba watu wale walikufa kwa sababu ya kupigwa.

Habari zilipofika London, wabunge wa Chama cha Leba, miongoni mwao Bi Barbara Castle, waliishambulia serikali ya Wahafidhina iliyoongozwa na Harold Macmillan. Hilo halikuwa ajabu, maana kazi ya wapinzani ni kupinga. Ajabu ilitokea usiku wa tarehe 27 Julai 1959. Mjadala ulikuwa umekawia sana, saa saba ya usiku imekwisha kupita, viti vingi ni vitupu, aliposimama mbunge wa upande wa serikali yenyewe, Enoch Powell wa Wolverhampton.

Huyu alikuwa mtu wa namna ya peke yake. Alizaliwa Birmingham mwaka wa 1912, baba na mama wote wawili wakiwa walimu, na mama yake ndiye aliyemwanzisha katika Kigiriki. Katika ujana wake alipiga zumari ya klarineti, na alifikiri kuufanya muziki kuwa kazi ya maisha yake, kabla ya kujitoa kwa lugha za kale. Alipokuwa na umri wa miaka 25 tu alikuwa profesa wa Kigiriki huko Sydney, Australia. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 alijiandikisha kama askari wa kawaida, na vilipomalizika alikuwa brigedia. Jeshi lilimfikisha Bara Hindi, naye akajifunza Kiurdu. Mapema mwaka wa 1958 alikuwa amejiuzulu unaibu wake katika wizara ya fedha, pamoja na waziri wake Peter Thorneycroft, kwa sababu serikali ilikataa kupunguza matumizi kwa kadiri waliyoiona kuwa lazima. Kwa hiyo alikuwa ameshaonja gharama ya kushika neno lake.

Hotuba yake ya Hola haikuwa ya kelele. Alizichukua hoja za chama chake moja baada ya moja, akazipangua kama mwalimu asahihishaye hesabu. Ilisemwa kwamba makosa yalikuwa ya wadogo waliokuwa Hola. Yeye akaonyesha kwamba mpango ulipitia mezani mwa wakubwa na kukubaliwa, kwa hiyo dhamana haiwezi kuishia kwa mlinzi wa lango. Lazima ipande mpaka pale amri ilipotoka. Ilisemwa kwamba waliokufa walikuwa watu wabaya mno, na mbunge mmoja wa upande wake alikuwa amewaita watu walio chini ya ubinadamu. Powell akajibu kwamba ni mafundisho ya kutisha kusema kuwa kifo cha mtu hakidai jibu kwa sababu ya jinsi mtu huyo alivyokuwa, na kwamba mafundisho hayo yatawarudia wenye kuyasema. Mwisho, ilisemwa kwamba hii ni Afrika, na Afrika mambo yake ni mengine. Hapo ndipo alipoifufua fikira ya Burke. Alisema Waingereza hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Afrika, kingine kwa Asia, na cha tatu kwao nyumbani. Na kwamba hasa katika Afrika hawathubutu kushuka chini ya kipimo chao kilicho bora.

Wazee wetu walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Powell aliwaambia wenzake kwamba mkuki ni mkuki. Denis Healey wa Chama cha Leba, ambaye hakuwa rafiki wa siasa zake, alisema baadaye kwamba hiyo ilikuwa hotuba kubwa kuliko zote alizopata kuzisikia Bungeni. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa mahakamani kwa vifo vile. Uchaguzi mkuu ulifanyika mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na Wahafidhina wakashinda.

Lakini neno likishatoka halirudi. Baada ya uchaguzi huo Macmillan alimfanya Iain Macleod kuwa Waziri wa Makoloni, naye Macleod alisema baadaye kwamba Hola ndiyo iliyomdhihirishia kuwa njia za zamani za kuitawala Afrika zimefika ukomo. Hali ya Hatari iliondolewa rasmi mwezi wa Januari 1960, na mwezi huo huo mkutano wa Lancaster House ukaanza. Matokeo yake yalikuwa ni kukubali kwamba wawakilishi wa Waafrika watakuwa wengi katika baraza la kutunga sheria. Walowezi wengi walikasirika. Michael Blundell, Mzungu aliyekubali mapatano hayo, aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimtupia vipande thelathini vya fedha, kama kwamba yeye ni Yuda.

Macleod naye alikuwa Mhafidhina, na wahafidhina wenzake ndio waliomshambulia kwa ukali. Alikuwa bingwa wa bridge, mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili kwa wawili, hata akaichezea timu ya Uingereza na kuandika kitabu juu yake. Mwaka wa 1961 Lord Salisbury, mkuu wa ukoo wa kale wa wahafidhina, alisimama katika Baraza la Malodi akasema kwamba Macleod amezidi ujanja. Kwamba amezileta mbinu za karata katika mambo ya nchi, na kuwafanya walowezi kuwa ndio wapinzani wa kushindwa mezani. Tusimdhihaki Salisbury upesi. Yeye pia alidai kwamba anashika kanuni: walowezi walikaribishwa Kenya na serikali ya Uingereza, na kwa maoni yake serikali hiyo iliwawia ulinzi. Kosa lake halikuwa kukosa kanuni. Kosa lake lilikuwa kuhesabu ahadi waliyopewa watu wachache, na kusahau haki ya watu wengi ambao ardhi ilikuwa yao, na ambao hakuna aliyewauliza. Mwamba ngoma huvutia kwake. Naye aliivuta ngozi mpaka upande wa pili ukabaki wazi.

Powell na Macleod walisimama pamoja kwa mara nyingine mwezi wa Oktoba 1963. Lord Home alipochaguliwa kuwa Waziri Mkuu kwa mashauriano ya faragha ya wakubwa wa chama, wote wawili walikataa kuingia katika serikali yake. Home alikuwa mtu wa heshima, na katika Mawaziri Wakuu wote wa Uingereza ni yeye peke yake aliyepata kucheza kriketi ya daraja la kwanza. Lakini wawili hawa waliona kwamba uchaguzi wenyewe haukuchezwa kwa haki, basi wakaviacha vyeo vyao.

Kama hadithi ingekomea hapo, ingekuwa tamu. Historia lakini haikuandikwa ili itupendeze. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Watu wenye asili ya Bara Hindi ambao hawakuwa raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi waliomba; wengi wengine walibaki na pasi za Uingereza, kwa kuwa walipewa haki hiyo na serikali ya Uingereza yenyewe. Mwaka wa 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana wasio raia, nao wakaanza kuondoka kwa maelfu kwenda nchi ambayo pasi zao ziliitaja. Hofu ikaenea Uingereza. Mwishoni mwa Februari 1968 serikali ya Chama cha Leba ilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia watu hao, isipokuwa mwenye mzazi au babu au bibi aliyezaliwa Uingereza. Sheria haikutaja rangi, lakini kila mtu alijua ni nani watakaopita katika tundu hilo. Mwaka wa 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba sheria hiyo iliwabagua watu kwa asili yao.

Wakubwa wa Wahafidhina waliiunga mkono sheria. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati Kenya ilipopata uhuru, ndiye aliyeipigania sana. Macleod alimwandikia barua ya wazi katika gazeti la Spectator. Maana yake ilikuwa hivi: ahadi ilitolewa, ilitolewa kwa kusudi, na sasa haiwezi kukanwa. Kisha akapiga kura kinyume cha sheria, yeye pamoja na Wahafidhina wachache. Ahadi ni deni, na Macleod alikuwa tayari kulipa deni ambalo nchi yake ilitaka kulikimbia.

Na Powell? Powell alikuwa upande wa pili. Tarehe 20 Aprili 1968, mjini Birmingham, alitoa hotuba dhidi ya wahamiaji kutoka Asia, Afrika na visiwa vya Karibi, akitabiri maangamizi, na akiazima taswira ya mto wenye damu kutoka kwa Virgil, mshairi wa Kirumi. Mtu yule aliyejifunza Kiurdu akiwa askari, sasa aliwafanya wanaokisema kuwa tishio kwa jirani zao. Elimu ya lugha ni kama panga kali. Yafyeka magugu, na pia yaweza kumkata mtu.

Kiongozi wa chama, Edward Heath, alimwondoa Powell katika uongozi siku iliyofuata. Maelfu ya wafanyakazi wa bandari ya London waliandamana kumtetea Powell, na kura za maoni zilionyesha kwamba Waingereza wengi walikubaliana naye. Heath alikuwa mpiga kinanda tangu ujana wake, na mwaka wa 1971, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza okestra ya London Symphony Orchestra mbele ya hadhara. Tena alikuwa baharia. Mashua yake ya tanga, Morning Cloud, ilishinda mwaka wa 1969 katika mashindano magumu ya kutoka Sydney mpaka Hobart. Baharia ajua kwamba si kila upepo wenye nguvu humfikisha mtu bandarini. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, serikali ya Heath ilikubali kwamba wenye pasi za Uingereza ni dhamana ya Uingereza, na zaidi ya watu 27,000 wakapokewa. Powell alipinga. Macleod hakuwapo tena kuona. Alifariki tarehe 20 Julai 1970.

Twasemaje basi juu ya Powell? Wengine husema hotuba ya 1959 ilikuwa ya kweli na ile ya 1968 ilikuwa ya tamaa ya cheo. Mimi naona jibu hilo ni rahisi mno. Katika mwaka wa 1959 alisema kwa ajili ya heshima ya Uingereza: aliona kwamba nchi yake inajichafua kwa damu ya Hola. Alisema vyema, na watu 11 wakapata mtetezi. Lakini aliyempenda hasa ni nchi yake, na marehemu wale walifaidika kwa kuwa siku hiyo heshima ya nchi yake na haki yao zilikuwa njia moja. Mwaka wa 1968, alipoona njia zimeachana, alifuata ile ya taifa lake kama alivyolifahamu, na kipimo kimoja kwa watu wote kikabaki nyuma. Macleod, ambaye hakusifiwa kwa hotuba kubwa kama ile, alikibeba kipimo hicho zaidi.

Wala mizani hii si ya kuwapimia Waingereza peke yao. Sheria zetu za mwaka wa 1967 ziliwagusa watu waliozaliwa na kufanya kazi miongoni mwetu. Taifa changa lilikuwa na haki ya kuwatanguliza raia wake, na dhuluma ya ukoloni katika biashara haikuwa ndoto. Hata hivyo yatupasa tujiulize kama tulikumbuka, katika haraka ile, kile tulichokuwa tumekidai kwa ajili ya watu wa Hola: kwamba mtu asihukumiwe kwa kundi alilotoka. Anayeuliza swali hilo haisaliti nchi yake. Burke angesema huo ndio utumishi.

Mnamo Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, Mhafidhina, alisimama katika Bunge lile lile akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akaeleza majuto ya serikali yake, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Palikuwa pamepita miaka 54 tangu Hola. Hivi leo Hola ni makao makuu ya Kaunti ya Tana River, na mto ungali unapita karibu yake.

Vijana, siku moja mtapiga kura, na baadhi yenu mtaombwa kura. Mtasikia watu wengi wakilitaja neno kanuni, kwa maana ni neno tamu kinywani. Msimwulize mtu kwanza yeye ni mhafidhina au ni mwenye kutaka mageuzi. Nchi yahitaji wote wawili, kama jahazi lihitajivyo tanga na nanga. Mwulizeni kanuni yake ilimgharimu nini, na ni nani waliokuwa nje ya kivuli chake. Majibu hayo mawili yatawaonyesha mengi kuliko jina la chama chake.